UZI: Dagaa wa Kigoma, joto la ziwa, na sato wangu waliokufa Chanika

Sato wa Chanika (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilipita Mabibo kuchukua dagaa. Mama niliyemzoea akaanza kunipimia wa Mwanza bila hata kuuliza. Nikamwambia leo nataka wa Kigoma. Akacheka: "Wa Kigoma siku hizi tunawawekea wenye harusi." Pembeni jamaa watatu wakadakia. Mmoja anasema wavuvi wamezidi. Wa pili anasema mzigo wote unaishia Kongo. Wa tatu anasema ni kwa sababu Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvuliwa ile 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Joto la maji hakulitaja hata mmoja. Na mimi nikanyamaza, maana ukianza habari za tabianchi sokoni watu wanajua umetumwa na mradi.

Basi nimewaletea ninyi. Nilisoma viumbe vya majini chuoni, ajira ikanipita pembeni, nikachimba mabwawa mawili ya sato huku Chanika. Kwa hiyo naongea kama mtu wa vitabu kidogo na mtu wa matope zaidi.

Ninachotaka kusema ni hiki: joto haliwachemshi dagaa. Dagaa wa Tanganyika anaishi vizuri tu kwenye nyuzi 26. Kinachotokea ni kwamba joto linamfungia stoo.

Dagaa wa Kigoma anakula vidudu vinavyoelea majini, vingi vikiwa kopepodi, viumbe wa ukubwa wa punje ya mchanga. Kopepodi nao wanakula vimea visivyoonekana kwa macho. Vimea na vidudu hivyo kwa pamoja ndiyo planktoni. Vimea vinahitaji mwanga na mbolea. Mwanga uko juu. Mbolea, yaani fosforasi, naitrojeni na wenzake, iko chini, kwa sababu kila kinachokufa ziwani kinazama nayo. Ziwa lile lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Stoo imejaa, ila iko chini gizani, na mpishi yuko juu.

Anayepandisha mzigo ni upepo. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini mashariki unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, kule kusini maji baridi ya chini yanapanda kujaza nafasi. Upepo ukitulia, ziwa linayumba taratibu kwa wiki kadhaa kama maji kwenye karai ulilolibeba kichwani ukasimama ghafla. Kila linapoyumba, mbolea kidogo inapanda.

Sasa pasha moto maji ya juu. Yanakuwa mepesi zaidi na kuelea juu ya yale mazito kama mafuta juu ya mchuzi. Upepo uleule unasukuma lakini haukorogi kama zamani. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba uzalishaji wa vimea Tanganyika huenda umeshuka kwa takriban asilimia 20, na kwa hesabu yao hiyo ni sawa na kupoteza kama asilimia 30 ya samaki. Walisoma kwenye tope la chini ya ziwa, ambalo hutunza kumbukumbu tabaka kwa tabaka.

Karibuni. Matusi hapana, ubishi ruksa.

---

kidampa

Nimeweka kambi hapa. Swali la msingi: hao planktoni kilo shilingi ngapi?

---

Fundi Tegeta

Mkuu uzi mzuri lakini kuna kitu hakiniingii. Hilo ziwa limepanda nyuzi ngapi? Nikisoma huku na huku naona watu wanalialia kwa nyuzi moja. Hapa Dar mchana na alfajiri tunatofautiana nyuzi saba nane na hakuna aliyekufa. Nyuzi moja inafunga ziwa la kilomita 670 kwa urefu? Hiyo chai.

---

Sato wa Chanika

Fundi, swali lako ndilo wengi wanalikwepa. Uzito wa maji haubadiliki sawasawa kila nyuzi. Maji ya nyuzi 5 ukiyapeleka 6, wepesi unaoongezeka ni mdogo sana. Ya nyuzi 25 ukiyapeleka 26, wepesi unaongezeka zaidi ya mara kumi ya ule. Kwa hiyo nyuzi moja ya Kigoma si sawa na nyuzi moja ya Ulaya. Maziwa yetu ya joto yanashikiliwa na tofauti ndogo sana ya joto kati ya juu na chini. Ukiiongeza kidogo, umeongeza sana.

Usiniamini. Fanya nyumbani. Chukua jagi la kioo, weka maji ya friji uliyoyatia rosela mpaka yawe mekundu. Halafu mimina maji ya uvuguvugu juu yake polepole sana, yapitie kwenye mgongo wa kijiko. Puliza uso wa maji kwa mrija. Tazama.

---

MamaDagaa

Mimi ndiye niliyecheka, mwanangu, usijifiche nyuma ya jina. Nimekujua kwa hizo hadithi za Chanika.

Ngoja niwaambie wanaobishana bila kushika dagaa. Dagaa wa Mwanza na wa Kigoma si samaki mmoja. Wa Mwanza ni mwembamba, Mkenya anamwita omena, Mganda anamwita mukene. Wengine wanamwanika kwenye mchanga, ndiyo maana mnaosha mchanga mkilia "mama dagaa kaniuzia kokoto". Wa Kigoma ana mafuta, ukimkaanga mtaa mzima unajua umepika nini.

Bei mimi naijua kwa mwezi. Mbalamwezi ikitoka hawavui, taa haziwavuti dagaa, siku hizo mzigo hauji. Hiyo tumezoea tangu enzi. Kinachonishangaza miaka hii ni giza kutimia, wavuvi wakaingia, na bado napigiwa simu naambiwa "mama safari hii hakuna". Giza lipo, taa zipo, samaki hayupo.

---

Mzee wa Ujiji

Nimesoma kwa makini. Nimevua Kigoma ujana wangu wote, sasa niko kwa mwanangu Mbagala.

Kijana, maelezo ya upepo ni kweli tupu. Sisi hatukusema mbolea, tulisema "ziwa limegeuka". Maji yanakuwa na rangi nyingine na baridi inapanda mguuni ukiingia, siku chache baadaye dagaa. Hilo halina ubishi.

Lakini kusema joto ndilo lililomaliza samaki, hapo nasita. Nimeona kokoro za macho madogo zikikomba vifaranga ufukweni. Nimeona taa kutoka karabai mbili mpaka mwalo mzima unawaka kama Kariakoo usiku. Wavuvi wameongezeka jamani. Msiwape watu kisingizio.

---

Sato wa Chanika

Shikamoo mzee. Umesema neno, na kuna wanasayansi waliosema kama wewe. Mwaka 2006 Jouko Sarvala wa Finland na wenzake waliandika kwamba mabadiliko ya samaki wanaovuliwa Tanganyika yanaonyesha zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe kuliko ya tabianchi. Hawakuwa watu wadogo, na hoja yao haikuwa ya kijinga: takwimu za mialoni zinapima samaki walioletwa, hazipimi samaki waliopo.

Ndiyo sababu wengine wakaacha takwimu za mialoni wakarudi kwenye tope. Andrew Cohen na timu yake walitoa kazi yao 2016. Kwenye tope la ziwa hubaki mifupa na magamba ya samaki na magamba ya konokono. Walipohesabu kwa kurudi nyuma, samaki walianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara haujaanza katikati ya karne ya 20. Na sehemu ya sakafu ya ziwa yenye oksijeni, kwenye maeneo waliyochunguza, imepungua kwa asilimia 38 tangu 1946. Kokoro haiwezi kuondoa oksijeni, mzee wangu.

Nyingine ya 2010, Jessica Tierney na wenzake, nayo ya tope: joto la maji ya juu la miaka ya karibuni halijawahi kuonekana katika miaka 1,500 waliyoweza kuisoma.

Mimi sisemi wavuvi wasamehewe. Nasema mfuko wa unga umetobolewa huku, na huku walaji wameongezeka. Ukimshika mmoja tu, wa pili anaendelea. Na hapa ndipo ninapogombana hata na wenzangu wa tabianchi: ziwa linalozalisha kidogo lilitakiwa livuliwe kidogo zaidi. Joto linaongeza sababu ya kubana uvuvi.

---

Mzee wa Ujiji

Marahaba. Hapo umenijibu. Hiyo ya tope nilikuwa siijui.

---

kidampa

Mimi nina swali zito safari hii. Ziwa Tanganyika limefurika miaka hii, bandari ya Kigoma iliingiwa na maji, Bujumbura watu wamehama nyumba. Maji yameongezeka, stoo imepanuka, samaki si waongezeke?

Halafu angalieni picha za watalii, maji safi kama kioo, unaona mpaka mawe ya chini. Ziwa safi vile mnasema lina njaa?

---

Sato wa Chanika

kidampa leo umeamka vizuri. Mvua zimejaza juu. Kuongeza maji juu ya sufuria hakukorogi kilichoganda chini.

Na maji kuwa kama kioo, ndiyo hasa. Kinachofanya maji yawe na rangi ni vile vimea. Maji unayoona mpaka chini ni maji yenye vimea vichache. Tanganyika haijawahi kuwa na vingi. Siku zote limeishi kwa chakula kidogo kinachozunguka haraka sana. Kimea kinazaliwa leo, kesho kimeliwa, kopepodi kaliwa na dagaa, dagaa kaliwa na mgebuka. Na kila ngazi inapoteza sehemu kubwa: kwa makadirio ya kawaida, kati ya kilo kumi zinazoliwa, moja tu ndiyo inageuka mwili wa mlaji. Mgebuka mmoja wa kilo amesimama juu ya kilo kumi za dagaa, juu ya kilo mia za vidudu, juu ya tani moja ya vimea. Ukipunguza chini kidogo, juu kunaanguka.

Na dagaa mwenyewe anaishi kama mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo. Hana akiba. Msimu ziwa likikataa kugeuka, hakuna mzee wa dagaa wa kusubiri mwakani.

---

Fundi Tegeta

Narudi na ripoti. Jagi la wife, rosela ya friji chini, maji ya uvuguvugu juu. Nimemimina vibaya mara mbili yakachanganyika, ya tatu yamekaa. Wakuu, mstari umesimama kama umepigwa rula. Nimepuliza kwa mrija mpaka mashavu yanauma, juu panachemka mawimbi, ule mstari unainama upande mmoja, ukiacha unarudi unayumba. Wekundu haupandi. Mtoto kasema baba unacheza.

Halafu nikajaza jagi lingine lote la baridi, na rosela chini, nikapuliza. Yamechanganyika fasta.

Neno "chai" nalifuta. Hapo pa kuinama na kuyumba nimeelewa lile karai lako.

---

BintiMusoma

Mimi natokea Victoria, nyie mnaongea Tanganyika tu. Kwetu shida ni kinyume kabisa. Maji ya ghuba siku nyingine yana kijani kama rangi ya ukuta, yananuka, watoto wakioga wanawashwa. Mnasema joto linapunguza vimea, mbona kwetu vimezidi? Chagueni moja.

---

Sato wa Chanika

Dada, nashukuru umeingia, maana hili ndilo lililonigharimu mimi mwenyewe.

Victoria ni sinia, Tanganyika ni kisima. Victoria ni pana kuliko maziwa yote ya Afrika, kilomita za mraba kama 68,800, lakini sehemu yake yenye kina kikubwa kabisa ni mita kama 80 tu. Karibu kila mwaka, Juni Julai, linajikoroga. Halafu mbolea haitoki chini peke yake. Inatoka mashambani, kwenye miji, kwenye udongo unaosombwa na mito. Stoo iko wazi na watu wanaendelea kujaza. Hapo joto halifungi mlango, linachagua mgeni gani aingie.

Wanaopenda maji moto, yaliyotulia, yenye mbolea nyingi ni sianobakteria, ule ute wa kijani-buluu. Wana vifuko vya hewa mwilini, wakitaka mwanga wanaelea juu, wakawafunika wengine. Zamani Victoria ilijaa diatomu, vimea vyenye ganda la kioo, chakula kizuri kwa vidudu. Kufikia miaka ya 1980 ute ulikuwa umetawala. Vidudu vinavyoogelea navyo vikabadilika, wale wakubwa kidogo wakapungua, wadogo wakachukua nafasi. Sangara waliopandikizwa miaka ya 1950 na 1960 nao wakafagia furu, samaki wadogo wa asili waliokuwa wakila ute na vidudu. Kwa hiyo Victoria ni kesi ya washitakiwa wengi, joto ni mmoja wao, halikuanza, linaongeza kuni.

Ute ni mgumu kuliwa. Unajikusanya madonge, wengine wana sumu, kopepodi wanawakwepa. Kijani tele, chakula haba. Maji ya kijani kwenu na maji ya kioo Kigoma vinaweza kumaanisha njaa ileile kwa aliye katikati.

Sasa ya kwangu. Mwaka wa kwanza nilinunua vifaranga vya sato kwa mtu ambaye simtaji. Akaniambia tia mbolea ya kuku kwa wingi, maji yakiwa kijani kibichi ndiyo utajiri. Nikaning'iniza viroba vitatu. Februari, joto lile mnalijua, Chanika jani halitikisiki. Bwawa likawa kijani kama supu ya mlenda. Mimi nafurahi, napiga picha, natuma kwa ndugu.

Siku ya nne kulikuwa na mawingu kutwa. Usiku hakuna upepo. Saa kumi na moja alfajiri mlinzi ananipigia, "bosi, samaki wanakunywa hewa". Nimefika na tochi. Uso wote wa bwawa midomo, midomo, midomo, mamia, inafunguka na kufunga bila sauti, kama watu wanaosali. Saa mbili asubuhi nilikuwa nachota maiti kwa ungo.

Hakuna ugonjwa. Mchana vimea vinatoa oksijeni, usiku vinaivuta kama sisi. Vikiwa vingi kupita kiasi, alfajiri hakijabaki kitu. Mawingu ya mchana yalikuwa yamekata uzalishaji. Na maji moto yanabeba oksijeni kidogo tangu mwanzo: kwenye nyuzi 20 lita moja hushika kama miligramu 9, kwenye 30 kama 7 na nusu. Samaki naye akiwa kwenye joto anahitaji oksijeni zaidi. Mshahara unapungua na kodi inapanda, kwa pamoja, mwezi uleule.

Hilo la kodi kupanda si la bwawa langu tu. Uingereza, Dorset, kina Gabriel Yvon-Durocher walitengeneza vidimbwi 20, kumi wakavipasha moto nyuzi 4 zaidi ya wenzake. Kupumua kwa viumbe kuliongezeka zaidi ya utengenezaji wa chakula. Viumbe vilevile, joto likapanda, matumizi yakapita mapato.

---

MamaDagaa

Pole mwanangu. Kumbe ndiyo maana mwaka ule ulikuwa unakopa.

---

kidampa

"Kama watu wanaosali." Kaka umeniharibia sato wa leo usiku.

---

Kaka Mwenge

Hizi data zote ni za wazungu kuja mara moja, kuchota tope, kwenda kuandika. Hatuwezi kujua ziwa letu mpaka tuwe na watu wanaolipima kila wiki, mwaka hadi mwaka. Nani ana bajeti hiyo? TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, wana vituo Kigoma na Mwanza lakini mnajua hali za utafiti nchi hizi.

---

Sato wa Chanika

Bajeti ni kweli. Lakini nikupe kisa kimoja.

Ziwa Baikal, Urusi, ndilo pekee linaloipita Tanganyika kwa kina. Mwaka 1945 profesa mmoja, Mikhail Kozhov, alianza kuchota maji na planktoni sehemu ileile, kila baada ya siku saba hadi kumi, mwaka mzima, hata barafu ikiwa imeganda wanatoboa. Alipofariki binti yake Olga akaendelea. Baada ya Olga, mjukuu, Lyubov Izmest'eva. Ukoo mmoja, zaidi ya miaka 60, nchi ikivunjika katikati na wao wanachota. Mwaka 2008 ndipo yakachapishwa matokeo: maji ya juu yamepanda nyuzi 1.21 tangu 1946, na vidudu fulani wapenda joto wameongezeka zaidi ya mara nne. Bila ile ndoo ya kila wiki hakuna ambaye angejua.

Huko kwenye baridi joto lina vituko vingine pia. Ziwa Washington, Marekani, majira ya kuchipua vimea vinaanza kustawi kama siku 19 mapema kuliko miaka ya 1960, lakini Dafnia, kidudu anayevila, hakusogeza saa yake kwa kasi hiyo. Chakula kinapakuliwa, mlaji bado amelala. Kwetu hakuna majira ya baridi ya namna ile, saa yetu ni upepo.

Vifaa vya kuanzia si ghali. Padri mmoja Mtaliano, Angelo Secchi, mwaka 1865 alizamisha sahani baharini akapima inapotelea wapi. Mpaka leo ndicho kipimo kinachotumika. Mimi nina sahani nyeupe ya plastiki, nimetoboa tundu katikati, chini nimefunga nati kubwa ya gari izame, kamba ina fundo kila sentimita tano. Nazamisha saa sita mchana, jua likiwa mgongoni. Ikipotea kwenye sentimita 30 mpaka 40, bwawa liko sawa. Ikipotea kabla ya 20, natoa mbolea, naingiza maji mapya, na usiku huo silali.

Na vidudu naviona. Natumia soksi ya kike ya nailoni niliyoifunga kwenye pete ya waya, mwisho nimekaza chupa ndogo ya dawa. Navuta bwawani mara tano. Tone moja naliweka kwenye kioo, juu ya kamera ya simu nimebandika lenzi niliyoing'oa kwenye tochi ya leza. Kopepodi anaonekana anaruka kwa mishtuko, ana jicho moja jekundu katikati ya uso, na majike wana mifuko miwili ya mayai ubavuni, kama mwanamke aliyebeba ndoo mbili kutoka bombani. Mara ya kwanza kumuona nilimwita mke wangu saa tano usiku. Hakufurahi.

---

BintiMusoma

Hiyo ya soksi nitafanya nikienda nyumbani. Ila maji yetu ya ute, kuna hatari kuyashika?

---

Sato wa Chanika

Ukiona utando wa kijani umetanda juu kama rangi iliyomwagika, usiingie, usinywe, na mifugo isinywe. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara lakini sumu ya ute haiondoki kwa kuchemsha. Maji ya kuchungulia kwa soksi chota pembeni pasipo na utando, ukimaliza nawa.

---

Mzee wa Ujiji

Hii sahani imenikaa kichwani siku tatu. Nina mpwa wangu Kibirizi, huko Kigoma, bado anavua. Mama Dagaa naye nadhani mzigo wake unatoka mwalo huohuo. Nimempigia nikamweleza. Amecheka sana lakini amekubali, atatumia sahani ya mkewe. Nimemwambia atoke nje kidogo, mchana, jua likiwa juu, ahesabu mafundo.

---

MamaDagaa

Mzee shikamoo. Mpwa wako namjua, ana madeni yangu. Akipima aniambie na mimi.

---

Mzee wa Ujiji

Marahaba mama. Leo amepima. Alifunga fundo kila nusu mita, kamba ya mita kumi. Ananiambia: "Mjomba, kamba imeisha mkononi, sahani bado naiona, inang'aa."

Akauliza ameharibu wapi.

---

Sato wa Chanika

Hajaharibu kitu mzee. Kosa langu, nilisahau kwamba nilikuwa nawaeleza kamba ya bwawa. Tanganyika sahani inaweza kupita mita kumi na zaidi siku maji yakiwa matupu. Mwambie anunue mita ishirini na tano, aandike tarehe kwenye daftari, arudi wiki ijayo mahali palepale. Na mwezi Mei upepo ukianza, aniambie ilipotea wapi.

---

kidampa

Nachangia kamba. Mama Dagaa achangie sahani, mke wa mpwa asije akatuachia ndoa hapa.